Fundi Kufuli Alivyonunua Njia ya Mkewe

Kabla ya kuanika shuka la kwanza, wanawake wa dobi walikuwa na desturi ya kutazama simu. Zamani walitazama mbingu, lakini mbingu iliwahi kuwahadaa, mashuka ya nyumba nzima ya wageni yakanyeshewa yakiwa karibu kukauka, na tangu siku hiyo hawakuiamini tena. Programu ya mvua haikuwahi kuwadanganya. Ilikuwa ya bure, ilikuwa na picha ya wingu linalotabasamu, na ilikuwa inaijua mvua ya uwanja wao kuliko mvua inavyojijua. Ilichotaka ni kitu kimoja tu, kujua simu iko wapi saa zote, hata mwenye simu akiwa usingizini. Walibonyeza Nakubali vidole vikiwa na povu. Nani anasoma maandishi madogo na mikono imelowa?

Dobi lenyewe lilikuwa nyuma ya jengo la matofali. Makarai ya saruji yalipangwa ukutani, kamba za kuanikia zilivuka uwanja kutoka upande huu hadi ule, na kwenye kona palikuwa na tangi kubwa la maji ambalo nyuma yake hapakuwa na kazi yoyote ya kumpeleka mtu. Chumba cha pasi kilikuwa na dirisha moja, na kilitawaliwa na Mama Pasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole ambayo hakuna aliyethubutu kuibishia. Nguo za wateja zilitiwa alama ya uzi wa rangi kwenye ukosi ili zisichanganyike. Aproni za wafanyakazi, ambazo zote zilikuwa za buluu, nazo zilitiwa uzi vivyo hivyo.

Uzi wa njano ulikuwa wa Mgeni. Alikuwa amefua pale kwa miaka miwili, na bado aliitwa Mgeni kwa sababu siku aliyofika alikataa kutaja jina, na watu wa dobi hawana muda wa kubembeleza. Alikuwa amemkimbia mumewe, fundi kufuli wa mji mwingine wa mbali. Mume huyo alikuwa hodari katika kazi yake, shida ni kwamba hata nyumbani hakuiacha. Alianza na mlango, akaja dirisha, akaja kabati la sukari, na mwisho akatia kufuli sanduku la viatu vya mkewe. Mgeni aliondoka peku, siku fundi alipoitwa kufungua kasiki la tajiri mmoja aliyesahau namba zake. Sasa alilala kwa Mama Pasi, katika chumba ambacho badala ya mlango kilikuwa na pazia. Asubuhi alilifungua, akalifunga, akalifungua tena, bila sababu. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakutaka kunyang'anywa.

Aliyemwambia kwamba njia yake inakunjwa alikuwa mfagia barabara. Ilikuwa jioni, Mgeni anarudi kutoka kazini, na yule mzee alikuwa ameegemea mpini wa fagio akimsubiri apite.

"Dada, hebu tazama nyuma yako."

Mgeni akatazama. Pale alipopita, ukanda wa barabara wenye upana wa mabega yake ulikuwa unabanduka kutoka ardhini na kujikunja polepole, kama mkeka baada ya wageni kuondoka. Ulijikunja pamoja na changarawe zake, vifuniko vya chupa, na dimbwi moja dogo ambalo halikumwaga hata tone. Chini yake palibaki udongo mweupe, safi.

"Na yako pia inakunjwa," mzee alisema. "Ya mwalimu ilikwenda wiki iliyopita. Ya muuza mkaa nayo siku nyingi."

"Zinakwenda wapi?"

"Kwa yule wa mazulia, pale dukani. Mimi silalamiki. Zinanipunguzia sehemu ya kufagia."

Kesho yake, wakati mashuka yanachukua jua, Mgeni na Mama Pasi walikwenda dukani. Mbele kulikuwa na mazulia na mikeka ya plastiki yenye maua. Nyuma, kwenye rafu ndefu, zilikuwa njia za watu, zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba, kila moja na kibandiko chake. Palikuwa na njia ya mwalimu kutoka shuleni hadi zahanati, nayo ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mwajiri wake. Palikuwa na njia ya kijana mmoja kwenda kusikojulikana, na mama yake alikuwa ameinama pale pale akiukagua urefu wake kwa mashaka. Njia za wapiga kura zilikuwa zimerundikwa pamoja kwenye kona, zinauzwa kwa jumla.

Muuzaji alikuwa kijana nadhifu mwenye utepe wa kupimia shingoni. Aliwakaribisha akawapa viti.

"Njia yangu ipo hapa?" Mgeni aliuliza.

"Ilikuwepo, dada. Imeshachukuliwa. Miaka miwili mizima, na mteja amejiandikisha ili kila utakapokanyaga kesho na keshokutwa aunganishiwe mwishoni. Njia yako imetulia, haina makunyanzi. Hongera."

"Mimi sikuuza njia."

"Ulikubali."

"Nilikubali mvua!"

"Mvua na mahali ulipo ni kifurushi kimoja," muuzaji alisema kwa huruma, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa dukani tu.

Mama Pasi aliuliza ni nani aliyenunua. Hapo kijana alikunja uso kwa mara ya kwanza. "Hapo mtaniwia radhi, mama zangu. Habari za mteja wetu ni siri. Duka hili linaheshimu sana faragha." Alionyesha ukutani, ambako maneno hayo hayo yalikuwa yameandikwa kwa wino wa dhahabu na kuwekwa ndani ya kioo.

Walipotoka, Mgeni aliliona kufuli jipya kwenye geti la duka. Lilikuwa na jicho dogo limechongwa juu ya tundu la ufunguo. Mumewe alichonga jicho kwenye kila kufuli alilotengeneza, na hili bila shaka alilitoa kama shukrani kwa huduma nzuri. 

Nyumbani alianza kupanga nguo kwenye mfuko. Mama Pasi alisimama penye pazia akimtazama.

"Unakwenda wapi?"

"Popote. Mbali."

"Kwa miguu ipi? Si hii hii? Mwanangu, ukikimbia unamtandikia. Na ukikaa unamtandikia. Sasa si bora ukae, tutandike pamoja?"

"Na nikiitupa simu?"

"Utaitupa wapi? Jalalani kwetu? Atafika jalalani, aulizie, na mji huu una midomo kuliko masikio. Simu kaa nayo. Kwanza tujue anakuja vipi."

Mgeni aliifuta programu ya mvua usiku huo huo. Wingu lilitabasamu, likatoweka, na asubuhi lilikuwa limerudi mahali pake. Alilia kidogo, kisha akajikaza kisabuni na kwenda kazini.

Njia ilifika mchana, wakati wa chai. Ilijikunjua kutoka juu ya ukuta wa uwanja, ikashuka kati ya mashuka bila kuyagusa, ikapita chini ya kamba na kuelekea bombani. Upande wake wa mbali mtu angeweza kuona sebule, ndogo kama kiberiti, na ndani ya sebule fundi kufuli akifunga kamba za viatu vyake vizuri. Mgeni alisukumwa hadi ndani ya chumba cha pasi, akafunikwa mlima wa foronya. Wanawake walibaki na vikombe vyao mkononi.

Fundi alifika akiwa na haraka ya mtu anayejua anakokwenda. Alikuwa na kufuli jipya mfukoni, linaning'inia. Aliingia uwanjani, akaenda moja kwa moja hadi bombani. Kutoka bombani akaenda kwenye karai. Kutoka karai akarudi bombani. Akaenda kwenye karai tena, akaenda kwenye kamba, akarudi kwenye karai, akarudi bombani. Wanawake walimaliza chai yao, na yeye bado alikuwa anakwenda na kurudi.

Aliyeelewa kwanza alikuwa Mama Mapacha, ambaye kwa kulea wawili kwa wakati mmoja alikuwa amezoea kuelewa mambo upesi. "Jamani," alisema, "huyu hakununua njia ya mkato. Kanunua njia ya Mgeni. Na Mgeni ni dobi!"

Ndivyo ilivyokuwa. Njia ya mtu ikishanunuliwa haina kando, mnunuzi hawezi kuchepuka, lazima aikanyage yote kwa mfuatano, kuanzia hatua ya kwanza. Na njia ya dobi si njia ya kwenda mahali. Ni bomba, karai, kamba, karai, bomba, kutwa nzima, miaka miwili, na Jumapili sokoni. Fundi kufuli alikuwa bado kwenye wiki ya kwanza ya kazi.

Mama Pasi alitoka na pasi mkononi, akamtazama akipita, akamtazama akirudi. 

"Maadamu anapita," alisema, "mpeni ndoo."

Wakampa. Alipofika bombani mtu alimshikisha ndoo, naye akaishika bila kuinua macho, kwani macho yake yalikuwa yamegandana na ardhi mbele ya viatu vyake. Alipofika kwenye karai mtu mwingine aliipokea. Alipoelekea kwenye kamba walimtwika mashuka mabichi mabegani. Kazi ya dobi haijawahi kwenda vizuri kama siku zile. Wateja walisifu. Mama Mapacha alianza kukaa wakati wa kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajifungue, na akagundua kwamba alikuwa na wimbo mmoja mzima kichwani ambao hajawahi kupata nafasi ya kuuimba. Aliuimba wote.

Nisiseme kwamba yote yalikuwa kicheko. Kulikuwa na mambo ndani ya njia ile ambayo hayakuwa haki ya mtu yeyote kuyaona. Katika wiki zake za mwanzo, Mgeni alikuwa akiiba dakika chache kila siku na kwenda nyuma ya tangi la maji. Aliwaambia wenzake anakwenda kukagua koki. Sasa fundi kufuli naye alikwenda nyuma ya tangi, kila siku ya njia ile, na pale njia ilikuwa imebonyea kwa kusimamiwa, imekuwa shimo. Alizama hadi magotini, na shimo lilikuwa na maji ya chumvi. Alihangaika kutoka, akatoka, akaendelea, bila kujua ni nini kilichomlowesha suruali.

Wanawake waliliona shimo. Waliyaona maji. Wakainamia makarai yao. Mgeni, aliyekuwa anachungulia dirishani, aliona kwamba wenzake wameona, na aibu ilimwaka usoni kama amevuliwa nguo hadharani. Yale ndiyo yaliyomkata maini, kuliko kufuli, kuliko jicho. Alikuwa amelilia mahali pa siri kwa sababu alitaka machozi yale yawe yake peke yake, na sasa mahali pale palikuwa pametandikwa mbele ya watu. Jioni hiyo Mama Pasi alimwekea sukari nyingi kwenye chai, akazungumza habari za bei ya sabuni mpaka chai ikaisha.

Fundi naye hakulala. Usiku mzima wa usingizi wa Mgeni hauna hatua hata moja, kwa hiyo fundi aliuvuka kwa kuinua mguu tu, akajikuta asubuhi. Kila siku aliipita miezi. Aliingia chumba chenye pazia, akafika ukingoni mwa kitanda, akageuka, akatoka, akaingia tena. Mgeni alihamia kwa Mama Mapacha, na hata huko alijua kwamba hatua zake za jana na juzi zimeshaunganishwa mwishoni. Kila aliposimama alihesabu kichwani ni kipi kilichobaki kati yao. Ulikuwa umebaki msimu mmoja wa mvua. Kisha ikawa imebaki sikukuu. Kisha ikabaki wiki iliyopita.

"Akinifikia?" alimuuliza Mama Pasi.

"Akikufikia atatukuta sisi," Mama Pasi alijibu.

Kilichowaokoa ni kosa, na kosa lenyewe ni la watu wa dobi. Uzi wa kijani ulikuwa umekwisha. Mama Mapacha, ambaye alama yake ilikuwa ya kijani, alipopata aproni mpya aliitia uzi wa njano kwa muda, akisema atakumbuka. Hakukumbuka. Asubuhi alichukua aproni yenye uzi wa njano kutoka kwenye msumari, ambayo haikuwa yake, akaivaa, akatoka mbio kupeleka mmoja wa mapacha zahanati. Simu ya Mgeni ilikuwa mfukoni mwa aproni hiyo.

Mgeni hakujua. Alivaa iliyobaki, akatokeza uwanjani mara moja tu kumsaidia mwenzake kwenye bomba, kwa sababu alidhani fundi yuko sokoni. Mashuka yalikuwa yametanda kamba zote. Alijaza ndoo, akaipitisha chini ya shuka kumpa mwenzake wa upande wa pili.

Mkono ulioipokea ulikuwa wa mumewe. Aliujua kwa kovu la tupa kwenye kidole gumba.

Shuka lilipepea kando, wakawa uso kwa uso. Alikuwa amekonda, ndevu zimemwota, viatu vyake vizuri vimeachama mbele.  Fundi kufuli aliishika ndoo, akamwangalia mkewe kifuani kama mtu anavyoangalia nguzo ya umeme, akainamisha macho ardhini, akaenda zake kwenye karai.

Mgeni alisimama. Alitia mkono mfukoni na kukuta kitambaa cha mtoto badala ya simu, na hapo akaelewa. Mume wake aliyekaa naye miaka, aliyejua sukari yake na viatu vyake na saa ya kurudi kwake kutoka kisimani, hakumjua. Hajawahi kumjua. Alijua alipo, basi. Kilichomjia kwanza ni uchungu. Kisha alicheka. Alicheka hadi akashika kamba, na mashuka yote yakatikisika, na Mama Pasi akatoka mbio akidhani mtu ameanguka.

"Hanioni," Mgeni alisema. "Mama, amenipita. Nimempa ndoo kwa mkono wangu, akanipita!"

Kuanzia hapo hakujificha tena. Mama Mapacha aliporudi, Mgeni alichukua simu yake, akageuza karai moja kuukuu la bati katikati ya uwanja, akaiweka simu juu yake, akasogea kando. Halafu akaenda kuanika, waziwazi, kichwa wazi, akipita mbele ya fundi na nyuma yake. Mara moja alimrekebisha ukosi wa shati, kwa mazoea ya kazi tu.

Fundi alimaliza wiki iliyopita. Akamaliza juzi. Akaimaliza jana kabla ya adhuhuri, na leo ilikuwa fupi. Njia ilimfikisha kwenye karai lililogeuzwa, ikakatika. Mbele ya viatu vyake palikuwa na simu. Alitoa kufuli mfukoni, akalifungua, akainama juu ya simu, akaiambia kwa sauti aliyokuwa ameiandaa safari nzima:

"Haya. Twende nyumbani."

Simu iliwaka. Wingu lilitabasamu. "Leo hakuna mvua," ilisema.

Alilizunguka karai. Njia haikuwa na kando, kwa hiyo alilizunguka kwa macho. Alimwita mkewe kwa jina lake, lile ambalo watu wa dobi hawakuwahi kulisikia, na Mgeni akiwa karibu kiasi cha kunusa jasho lake alisikia jina lile likimpita sikioni kama jina lililoandikwa kwenye barua ya mtu mwingine. Hakuitika. Alibana pembe ya shuka kwa kibanio, akabana na ya pili.

"Sasa?" Mama Mapacha alinong'ona.

"Sasa tukunje," alisema Mgeni. "Tushike pembe."

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, kila mmoja anashika pembe zake, wanavuta, wanakutana katikati, wanarudi, wanakutana tena. Hiyo ndiyo kazi ambayo wanawake wale waliijua kuliko zote. Mgeni alishika ncha ya njia pale karaini, Mama Mapacha akapanda kiti na kuishika pale ilipoingilia ukutani, wengine wakashika kingo. Wakavuta. Vumbi la miaka miwili lilitoka likatawanyika. Wakakutana katikati, wakarudi, wakakutana. Fundi kufuli alikunjika pamoja nayo bila ubishi, mara mbili, mara nne, akiwa bado anaangalia chini.

"Kitu kikirudishwa dukani lazima kiwe safi," Mama Pasi alisema. Basi waliifua. Waliiloweka, wakaisugua, hasa pale penye shimo la nyuma ya tangi, na pale Mgeni alitaka kusugua mwenyewe, na aliachiwa. Waliikamua, wakaianika, ikakauka. Mama Pasi aliipiga pasi ya moto wa wastani, akazunguka sehemu zenye vifungo vya shati la fundi. Kisha wanawake wote wa dobi, aproni zao za buluu zikiwa zimelowa kifuani, waliibeba begani hadi mjini, wakiimba wimbo wa Mama Mapacha. Magari yalisimama kuwapisha. Watu walitoka madukani. Mfagia barabara aliinua fagio juu, na Mgeni akiwa mbele alitembea kama bibi harusi anayetoka, si anayeingia.

Muuzaji aliwapokea kwa heshima. Aliupima mzigo kwa utepe wake.

"Kurudisha inawezekana," alisema, "ila anayerudisha lazima awe mnunuzi."

"Mnunuzi yumo ndani," Mama Pasi alijibu.

Kijana alifunua pembe moja, akachungulia. "Aah. Shikamoo, mzee. Karibu tena." Akaifunika, akaandika kibandiko, *Imetumika kidogo, imefuliwa*, akaipandisha rafu ya juu kati ya njia ya mwalimu na ya muuza mkaa. Kutoka ndani ya mkunjo ulisikika mlio mdogo wa kufuli likifungwa na kufunguliwa. Muuzaji aliizoea ile sauti kabla ya jioni.

Wanawake walipokuwa wanatoka, foleni ilikuwa imefika hadi nje. Kulikuwa na mwajiri, na mkopeshaji, na mchumba mmoja aliyevaa vizuri, na mwanamume aliyekuwa anauliza kama njia ya mkewe inaweza kukatwa kwa mita. Mama Pasi alipita rafuni akaiona njia yake mwenyewe, na ya Mama Mapacha ikiwa na vijia viwili vidogo vimekunjwa ndani yake.

"Na zetu?" aliuliza.

"Hizo bado hazijapata mteja," kijana alisema kwa moyo mwema. "Mkitaka kuzinunua nitawafanyia nafuu. Na tuna programu mpya ya mvua, mama zangu. Hii haiwasumbui hata kubonyeza Nakubali."

Walirudi uwanjani na kuanza upya kutazama mbingu. Mbingu iliwadanganya wiki hiyo hiyo, mashuka yote yakanyeshewa, wakayafua tena wakilaani na kucheka. Mgeni aliizima simu yake akaitia kwenye droo ya chumba cha pasi, chini ya vibanio vilivyovunjika.

Siku ya mapumziko alioga, akachana nywele, akavaa viatu. Mama Pasi alikuwa dirishani anamenya vitunguu.

"Haya, safari ya wapi?"

"Natembea tu, mama."

"Tembea, mwanangu."

Alifika kwenye kona, ambako barabara inagawanyika. Mfagia barabara alimwona anakuja, akageuka upande wa pili kwa makusudi na kuanza kufagia mahali palipokuwa safi. Mgeni alipinda. Alirudi jioni viatu vimejaa vumbi jekundu, ana jani limenasa kwenye nywele, na anacheka peke yake. Alikokwenda hakumwambia mtu, na mimi sikumfuata.